Shati la Kahawia

Fundi cherehani wa mtaa wa Batsinda huwashonea wenzake kanzu za Idi, ila yeye hashindi nyumbani bila shati lake la kahawia lililopauka mabegani. Mkewe, Hadija, amechoka kulifua. Lakini wale diskasi wawili wa sebuleni, samaki bapa kama sahani waliovuliwa Amazoni, wanalijua shati hilo. Wakiona vazi geni hushtuka na kuyala mayai yao. Idi iliyopita alirudi kutoka msikitini akiwa na kanzu nyeupe, akainamia tangi bila kufikiri. Halikubaki yai hata moja. Tangu hapo hukinga maji ya mvua, laini kama wanavyoyapenda samaki hao, huyapasha moto, huyamimina tangini polepole kwa vidole vilivyochomwachomwa na sindano, kisha hungoja. Hata hivyo, mayai yameliwa mara sita.

Asubuhi ya Idi hii, hatimaye vitoto vya samaki, vyembamba kama uzi, vilikuwa vimemganda baba yao ubavuni, vikila ute wa ngozi yake.

“Baba Ismaël, vaa kanzu twende,” Hadija alimwambia mumewe.

“Nitaenda hivi hivi, mama. Nikiivaa, nitasahau tena kuivua.”

Hadija alilitazama tundu la kiwikoni. Kisha akachukua sindano na kulishona shati likiwa mwilini mwa mumewe.