Shali Nyeusi Kando ya Tangi

Nakumbuka Jumapili moja ya Agosti, mwanangu, baridi ya Nairobi imeingia mpaka kwenye vikombe, nikalala mchana nikaota. Niliota shali nyeusi iko kwenye kiti cha plastiki, inajisogeza yenyewe na kuvuma, na ndani yake hamna mtu. Niliamka. Shali yenyewe nilikuwa nimeifuma mimi.

Ngoja nianze vizuri, maana nakujua, ukipotea njiani unashika simu.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kidogo. Nilikuwa mpokezi wa wageni katika ofisi moja ya Westlands, na nimepanga chumba Kangemi kwa bibi mmoja Mkikuyu, mwenye ploti ile ya vyumba vya kupangisha, ambaye sote tulimwita Shosho, yaani bibi kwa lugha yake. Raha zangu zilikuwa mbili, kufuma na kuwaza nyuki. Tangu utotoni nilitamani mzinga wangu nyumbani, ninywe chai asubuhi nikiwatazama wakienda kazini. Watu husema fuata nyuki ule asali. Mimi nilitaka wao wanifuate.

Askari wa lango la ofisi yetu, Mzee Mutiso, alikuwa Mkamba aliyelelewa katikati ya mizinga. Ndiye aliyeniuzia mmoja, wa mbao. "Waambie watu wa ploti kwanza," alinionya. "Na kitu cheusi chenye manyoya kisikae karibu. Nyuki wakikiona wanadhani ni nyegere amekuja kuwaibia." Nikaitikia ndiyo mzee, ndiyo mzee, vile mnavyoniitikia nyinyi siku hizi.

Sikumwambia mtu. Nilijua Shosho angekataa, nami nilikuwa nimeungoja mzinga ule miaka mingi. Nikauficha uani nyuma ya tangi la maji. Nyuki wakaja wenyewe, nikanyamaza.

Halafu Shosho, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, akaniomba nimfumie shali. "Nyeusi, Ayako. Haionyeshi uchafu." Nilipofika katikati nikalikumbuka onyo la Mzee Mutiso. Ningebadilisha rangi ningeulizwa kwa nini. Nikaendelea kufuma. Hapo ndipo kosa langu lilipo, wala usinitetee.

Wiki moja baada ya kumpa, Shosho akaniambia, "Siku hizi nikiota jua hapo kwa tangi, namsikia baba yangu akivumisha wimbo. Alikuwa mtu wa mizinga, huko Kabete." Baba yake alizikwa kabla mimi sijazaliwa. Nilijua anachosikia ni nyuki wangu. Nikacheka kidogo, nikamuuliza kama anataka chai.

Basi Jumapili ile, baada ya ndoto, nilibaki kitandani nikijiambia ndoto za mchana ni za shibe. Kumsimulia Shosho ndoto kungekuwa kumwonyesha mzinga. Ndipo nikausikia mvumo ule ule, lakini sasa ulitoka uani.

Nilitoka mbio. Kiti cha plastiki kilikuwa kando ya tangi, shali juu yake, na huoni hata uzi mmoja kwa wingi wa nyuki. Ilikuwa inajisogeza. Nilimtafuta Shosho kwa macho, simwoni. Nilijua nimemuua bibi wa watu.

"Ayako, unatafuta nini?"

Alikuwa mlangoni kwake, nyuma yangu, na gauni lake tu, hana hata alama ya mwiba. Alisema alikuwa amekaa pale amejifunika, akasikia mtu akimwita kutoka ndani ya nyumba kwa jina la utoto, lile alilomwita baba yake peke yake. Akaivua shali, akaingia kutazama. Ndani hamkuwa na mtu.

Nilipiga magoti nikamwambia yote, mzinga, onyo, ndoto. Nikamwambia hata ule wimbo wa baba yake ulikuwa nyuki wangu.

"Wimbo, sawa, ni nyuki," akasema. "Lakini nyuki hawajui jina langu." Kisha akaniangalia kwa macho yale mabovu. "Na wewe ulijua. Kila siku ulipita hapa ukanisalimia, na ulijua."

Niliona aibu ambayo haijaniisha. Mzee Mutiso alikuja jioni akauchukua mzinga. Shali Shosho alinirudishia, ninayo mpaka leo, lakini siivai wala simpi mtu.

Mwanangu, penda unachopenda. Fuma, fuga, panda. Ila raha yako ikitaka kukaa kwenye ua wa mwenzako, mwambie kabla haijaingia. Na ukiona hatari inamkaribia mtu, sema, hata kama kusema kutakuanika. Mficha maradhi, kilio humfichua, na changu kilifika mlangoni kikarudi. Si kila mtu ana baba wa kumwita kutoka ndani.

Mungu akupe mikono isiyokosa kazi na ulimi usiochelewa, na siku ukiitwa, usikie. Haya, nenda salama.