Jasho la Dada

Dada yangu ni mlinzi wa goli katika timu ya netiboli ya kiwanda cha nguo anakofanya kazi. Wenzake humwita Ukuta. Aliporudi mazoezini baada ya kujifungua, jasho lake lilikuwa limebadilika. Kila akikimbia lilitoa harufu kali kama ya vitunguu, hata kama ametoka kuoga.

"Ukuta, leo umekuja na jiko zima?" mmoja alimtania. Wengine walicheka, kisha wakaanza kumkwepa.

Muuguzi alimwambia ni mabadiliko ya mwili baada ya uzazi, na kwamba kwa wengi hupungua yenyewe. Lakini maneno ya muuguzi hayazibi watu midomo. Dada akajimwagia manukato shingoni na kifuani, akaenda mazoezini. Aliporudi nyumbani, mtoto aligeuza uso, akakataa ziwa, akalia hadi sauti ikamkauka.

"Huyo anakutafuta hakuoni, mwanangu," mama alisema. "Nenda kaoge, uyatoe hayo manukato."

Alipotoka bafuni, mtoto alinyonya kwa pupa. Dada alilia kimya kimya.

Siku iliyofuata alienda uwanjani bila manukato. "Harufu ni yangu na mtoto ni wangu," aliwaambia. "Tucheze."

Walicheza, lakini hakuna aliyempa pasi hata moja. Mimi nilikuwa kando ya uwanja, damu ikinichemka. Karibu wote wale wamezaa. Nani aliwafundisha kuuonea kinyaa mwili uliotoka kuleta mtu duniani? Dada aliendelea kukimbia, mikono juu, akiomba mpira.