Mnyama wa Kumi na Mbili

"Programu yangu itaita mifugo yote ya baba yangu, na kila mnyama ataitika kwa sauti yake. Ikigoma hata mara moja, narudi Mpwapwa kuchunga."

Yudith aliyasema hayo mwaka 2000, mbele ya wanafunzi kumi na tisa, chapati mkononi. Hakuna aliyedhani anatania. Yudith hatanii akiwa anakula.

Tulikuwa tunasoma kompyuta mjini Dodoma, katika chumba kilichokuwa stoo ya shirika la umma. Shirika lilikufa wakati wa ubinafsishaji. Mhasibu wake, Mwalimu Nikodemo, alipopunguzwa kazi alichukua kiinua mgongo, akanunua kompyuta sita zilizokwishatumika, akajipa cheo cha mkurugenzi. Sasa alitaka msaidizi wa kufundisha. Akatangaza kwamba Jumamosi kila mtu ataonyesha programu yake, na atakayemridhisha ataajiriwa palepale. Walioitaka kazi hiyo kwa moyo wote walikuwa wawili: Yudith, na Thomas, kijana aliyetoka Dar es Salaam na hakutupa nafasi ya kulisahau hilo.

Somo lenyewe lilihusu kutoa amri moja kwa vitu vya aina mbalimbali. Unaiambia kompyuta "lia", ng'ombe analia kama ng'ombe, mbuzi kama mbuzi, punda kama punda, bila wewe kueleza upya nani ni nani. Kila mnyama unamfikia kwa pointa, ambayo ni kama kikaratasi chenye anwani ya mahali alipo ndani ya kumbukumbu ya mashine. Yudith akaandaa vikaratasi kumi na vinne, sawasawa na mifugo ya baba yake.

Alhamisi akaiendesha. Ng'ombe wakaanza kulia vizuri, halafu kikatokea kidirisha cha kijivu kikisema programu imefanya jambo lisiloruhusiwa na itafungwa.

"Dada, ng'ombe wako wameingia shamba la watu," Thomas akasema.

"Nyamaza wewe. Ng'ombe umemjua kwenye mishikaki."

Yudith akalaumu umeme. Akahamia mashine ya dirishani, mambo yakawa yaleyale. Akamshuku punda, akamtoa, programu ikafa bila punda, akamrudisha. Mwishowe akafanya kile anachofanya mchungaji mlangoni pa zizi jioni: kuwapitisha mmoja mmoja. Aliiagiza kompyuta iandike namba ya kila mnyama kabla ya kumwita. Moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili. Hapo ikafa. Akarudia mara tano, na mara zote tano ilifia kumi na mbili.

Mwalimu Nikodemo akavuta kiti. "Wa kumi na mbili ni nani?"

"Ndama wa Mabaka, mwalimu."

"Mbona sioni ulipomuumba?"

"Hajazaliwa. Mabaka ana mimba."

Darasa zima liligeuka.

"Sasa umemhesabu vipi, binti?"

"Nyumbani kwetu ng'ombe akishika mimba, baba anamtaja mtu atakayepewa ndama. Akishatajwa, anahesabika. Huyu ni wangu. Baba alitamka mbele ya wajomba."

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. "Basi kikaratasi chake hakina anwani. Kompyuta imesoma takataka zilizokuwepo, ikaenda kugonga mlango wa watu. Mfute, wabaki kumi na watatu."

"Nimfute ndama wangu? Nilisema mifugo yote."

Ijumaa hakutoka hata kula, jambo lililotutia hofu kuliko kile kidirisha. Alikuwa anaandika aina mpya ya mnyama, akaiita Aliyeahidiwa: ndugu wa ng'ombe na mbuzi, mwenye jibu lake mwenyewe. Kile kikaratasi kitupu akakipa anwani ya huyo.

Jumamosi Thomas alitangulia na programu yake ya kuchora maduara na miraba. Ilikwenda vizuri, lazima niseme, ingawa sijaona mtu akikamua duara. Kisha Yudith akabonyeza. Ng'ombe kumi na mmoja wakalia. Kwa namba kumi na mbili kioo kikaandika: "Nakuja." Mbuzi mmoja na punda wakafuata, programu ikamalizika kwa amani.

"Na akizaliwa?" Mwalimu akauliza.

"Nabadilisha mstari mmoja, pale ninapomuumba. Amri ya kuita siigusi."

Mwalimu akatoa ufunguo wa stoo mfukoni, akamkabidhi.

"Alisema ikigoma hata mara moja anarudi kuchunga!" Thomas akapinga. "Alhamisi iligoma!"

"Na nilirudi kuchunga," Yudith akasema. "Siku mbili nimemtafuta ndama. Hukuniona?"

Ndama alizaliwa Februari, jike. Muhula huo Thomas alijiandikisha tena, akakaa benchi la mbele, akawa anamwita Yudith mwalimu kama sisi wengine. Ada ilikuwa shilingi elfu ishirini kwa mwezi.