Mwenye Wazo Avae Kwanza

Kikundi chetu cha washonaji hapa Gisenyi kina sheria moja ninayoipenda siku hizi kuliko zote: mwenye wazo avae kwanza. Kila Alhamisi mchana tunaziacha mashine, tunavuta viti katikati, na mwenye jambo jipya analiweka mezani. Likikubaliwa, inashonwa sampuli moja, naye anaivaa na kutembea nayo mpaka mkutano unaofuata. Likifaulu, yeye ndiye anayeongoza kazi hiyo na kukalia mashine ya umeme, ile moja tuliyo nayo, karibu na dirisha. Likianguka, linafutwa kwenye kitabu cha mikutano na halirudi tena mezani.

Tuliitunga sheria hiyo baada ya mwenzetu mmoja kutushawishi tushone mikoba yenye kamba aliyoibuni mwenyewe. Kamba zikakatika sokoni, viazi vya watu vikatapakaa barabarani, na yeye siku hiyo alikuwa kwake amekaa anakunywa chai. Tukasema basi, ukikisifu kitu, kibebe wewe kwanza.

Mimi nimekanyaga mashine ya miguu miaka sita. Nimezaliwa hapa mjini, katika nyumba za Waislamu wa biashara, na nyumbani mdomo wangu ni mkali, waulize ndugu zangu. Mkutanoni lakini nilikuwa mtu wa kuitikia tu.

Wazo langu lilinijia juu ya pikipiki, nikiteremka kutoka Bugeshi kumpima bibi harusi. Mvua ya kule juu ni baridi mpaka kwenye mifupa. Dereva ana koti lake la mvua; abiria ana magoti yake. Maji yote ya mgongo wa dereva yanakumiminikia mapajani, na ukifika mjini unatembea kama mtu aliyejikojolea. Nilipofika nyumbani nikachukua mwamvuli uliovunjika, nikabandua kitambaa chake, nikaunga na cha mwingine, nikapata sketi ya mvua: unaifunga kiunoni juu ya nguo zako, inafunika mpaka miguuni, na upindo wake una vijiwe vidogo ili upepo usiipeperushe.

Kwetu, wazo kabla ya kufika mezani linapitia kwa prezida wetu. Ni mama wa makamo, alirudi kutoka Kongo, mshonaji hodari, na anaongea vizuri hata ukiwa umemkasirikia unajikuta unaitikia kwa kichwa. Nikampelekea. Akaigeuza, akaivuta, akanirudishia.

"Mudogo yangu, hii kitu haiyaiva. Acha kwanza, tutaona."

Nikaamini. Nikarudi kwangu kuivisha. Niliimwagia maji ya kopo nikaona kweli inavuja, tena pale pale kwenye mshono, kila sindano ilipopita. Nikashona nyingine kwa mishono mirefu ili matundu yawe machache. Nikausugua mshono kwa mshumaa, nikaweka karatasi juu na kupiga pasi mpaka nta ikaingia. Nikamwaga kopo tatu. Hata tone. Nilicheka peke yangu jikoni.

Alhamisi nikaja nayo kwenye mkoba. Sikuwa nimekaa vizuri prezida akasimama.

"Bon. Mi nimewaza kitu. Ile miamvuli yenye kuvunjika, tunaitupa bure. Donc, tuitengeneze nguo ya mutu mwenye kupanda moto."

Moto kwetu ni pikipiki ya abiria. Akaeleza yote, mpaka vijiwe vya upindo. Wenzangu wakapiga makofi, na mwandishi wetu akaandika jina la prezida kitabuni. Nikainua mkono, mara ya kwanza mwaka ule.

"Mama, ile si ndiyo nilikuonyesha?"

Akanitazama kwa huruma. "Sisi wote tunawaza pamoja, mudogo yangu. Wazo ni ya kikundi."

Ya kikundi, na jina kitabuni ni lake. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwetu washonaji nguo ni nyingi. Ningeweza kutoa ile ya mkobani na kufanya ugomvi. Badala yake nikasema kwa sauti tamu ambayo mume wangu anaiogopa:

"Basi na sheria ifuatwe. Mwenye wazo avae kwanza."

Wote wakakubali. Yeye mwenyewe akafurahi, akasema Jumatano ijayo ana safari ya Busasamana, atapanda nayo moto akiwa amevaa. Akaniomba nimshonee. "Weye mukono yako iko muzuri," alisema.

Nilimshonea. Nilichagua mshono mdogo kabisa, ule wa nguo za watoto wachanga, nikaupitisha mara mbili. Fundi yeyote angeushika na kuusifu. Kila mshono ni tundu, na mimi nilimpa matundu mengi kadiri mashine ilivyoweza. Mshumaa niliuacha kwenye droo. Sikulala vibaya.

Jumatano mvua ilianza saa sita, ikanyesha kama imetumwa. Nilisimama dirishani, karibu na mashine ya umeme, nikaiangalia mvua kwa mapenzi makubwa.

Alhamisi prezida alikuja na sketi mkononi, pua nyekundu, na dereva aliyembeba. Sheria inataka shahidi.

"Maji iliingia yote," dereva akasema. "Mama alikuwa kama amekalia beseni. Tulisimama mara mbili ili akamue."

Wenzangu walijikaza wasicheke, wakashindwa. Ikafika saa ya kupiga kura. Hapo, nakiri, mkono wangu uliingia mkobani ukaigusa ile nyingine, iliyo kavu, iliyo tayari. Ningesema neno moja tu, mshumaa, na wazo lingepona. Lingepona likiwa na jina lake. Nikatoa mkono mtupu, nikaunyoosha juu pamoja na wengine. Mwandishi akapiga mstari kitabuni. Niliona wazo langu likifutwa, na bado nilikuwa na furaha.

Watu walipotoka, prezida akanisogelea. Alikuwa ameigeuza sketi upande wa ndani, kidole chake kikipita juu ya vile vishono vidogo. Ni fundi, nimeshasema.

"Ulijua," akasema.

"Mi nilijua nini, mama? Wazo si ni yako?"

Alikohoa wiki nzima, na kila akikohoa mimi nilikanyaga mashine yangu kwa nguvu zaidi.

Sasa naivaa ile ya mshumaa kila mvua inaponyesha. Nikishuka kwenye moto sketi yangu ni kavu, na watu wananizunguka kuniuliza nimenunua wapi. Jibu langu ni moja: "Nendeni kwa mama prezida wa washonaji, ile ni wazo yake." Wanakwenda, na yeye anabaki kueleza kitu asichoweza kukishona. Dada mmoja aliniambia siku hizi akisikia neno mvua anafunga mlango. Nilimwomba anisimulie tena.

Juzi kwenye kituo cha moto alinijia mama mmoja wa Bugeshi, mtoto mchanga mgongoni. Wingu lilikuwa limeshafunika milima. Akaishika sketi yangu kwa vidole viwili.

"Hii inapatikana wapi, dada? Mi napanda sasa hivi na mutoto."

Ningeweza kuivua nikampa. Kwangu ziko nyingine mbili. Nikamwelekeza kwa prezida, njia ya kwanza kulia, mlango wa bluu. Akashukuru, akaenda haraka, na kutoka pale niliposimama nilimwona akigonga, akasubiri, akagonga tena, kisha akarudi akapanda pikipiki. Matone ya kwanza yalikuwa yameanza. Sikumwita.