Radhi Sikuiomba

Mwaka wangu wa mafunzo kwa vitendo niliangukia mikononi mwa daktari bingwa wa akina mama. Alikuwa fundi kweli. Wenzangu wa vitengo vingine walikuwa bado wanashikishwa vyombo tu, mie ameshanikabidhi kisu. Ila kila alichonifundisha alikisindikiza kwa tusi, na sie wanafunzi wake tulicheka, maana kutocheka kulihesabiwa kiburi.

Siku hiyo tulikuwa tunamzalisha mama mmoja kwa upasuaji. Mtoto ameshatoka, analia vizuri, nami nashona. Uzi ukaniteleza. Bosi akanipiga vidole kwa mkasi.

"Mbwa wewe! Nani alikuambia unaweza udaktari?"

Yule mama alikuwa macho; sindano ya mgongoni humtia mtu ganzi kiunoni kwenda chini tu. Akauliza taratibu kutoka nyuma ya pazia, "Daktari, huyo unayempiga si ndiye ananishona mimi?"

Nesi akatazama sakafu. Aibu ikanipanda mpaka masikioni. Nikasema, "Bosi, nashukuru unanifundisha. Lakini usinipige tena."

Akasogea kando, akafumbata mikono, akanitazama nikishona mpaka mwisho.

Nyumbani Chamazi, mama yangu aliposikia alikiacha chakula. "Kesho kamwombe radhi, mwanangu. Vidole vitapona. Akikuharibia je?"

Nilikwenda ofisini kwake.

"Shikamoo, bosi."

Hakuitikia.

"Nimekuja kukushukuru kwa yote uliyonifundisha."

"Na radhi?"

"Radhi hapana, bosi. Sikukukosea."

"Basi na mimi sina la kukufundisha."

Akatimiza neno lake. Tangu hapo nilisimama nyuma ya wenzangu, nikichungulia juu ya mabega yao. Mwishoni akaandika kwamba sina nidhamu, nikarudishwa kukirudia kitengo kizima. Nilipangiwa daktari mwingine, mpole, mwenye shukrani kwa kila mtu, ambaye hakuwa na hata nusu ya ujuzi wa yule. Wenzangu wakaapishwa bila mimi. Mama hakunilaumu kwa mdomo. Aliacha tu kuwaambia majirani habari zangu.

Sasa nina leseni yangu. Wazazi ninaowazalisha hunishika mikono yote miwili wakinishukuru, nami huitikia. Namna ninavyoshona ni ya yule bosi, kila fundo. Sijawahi kumtaja kwa yeyote.