Mlima wa Kuonea Burundi

Jirani yangu hapa Misunkumilo ana tabia ya kuchoma majani makavu ya migomba. Wengine hufunga madirisha. Mimi huacha kazi niliyo nayo nikasimama tu uani, mikono ikining'inia, mpaka moshi uishe. Hauniumizi. Ndiyo shida yenyewe: haujawahi kuniumiza, hata siku ile ya kwanza.

Nilikuwa darasa la pili. Mama alikuwa amefariki kwa kifua mvua zikiishia, nami nikahamia kitandani kwake. Godoro lake lilikuwa gunia kubwa lililoshonwa kwa mkono na kujazwa majani makavu ya migomba, kama magodoro mengi ya kwetu, kwenye makazi ya Warundi nje ya mji wa Mpanda. Upande aliokuwa akilalia ulikuwa na shimo lenye umbo lake. Nililala humo usiku, na mchana nikitoka shule nilirudi humo humo. Sikulia. Watu walisema mtoto huyu ana moyo mgumu, nami niliwasikia kama redio ya nyumba ya pili. Masenge, ndivyo tulivyomwita dada yake Baba, alijaribu kunivuta nitoke, nikamng'ata mkono. Hakujaribu tena.

Jumamosi moja Baba alikuja akakaa ukingoni mwa kitanda.

“Amka mama, twende mlimani. Nikakuonyeshe Burundi, kule alikozaliwa mama yako.”

Kwa jambo lingine lolote nisingeamka.

Nyuma ya kijiji chetu kulikuwa na mlima, na waliokimbia vita walisema ukifika kwenye jiwe la juu kabisa, ukatazama kaskazini, unaiona Burundi. Sikuwahi kusikia mtu aliyepanda akarudi bila kuiona. Mmoja aliona ziwa, mwingine akaona shamba la kahawa la babu yake, na fundi baiskeli wetu, mwenye jicho moja bovu, aliona mpaka ng'ombe. Miaka ile redio ilikuwa ikisema huko kunawaka tena, kwa hiyo hakuna aliyekuwa akirudi. Watu walipanda mlima.

Tuliondoka umande haujakauka, Baba mbele na kidumu cha maji, mimi nyuma na viazi vitamu vya kuchemsha kwenye kitambaa. Nyasi zilinizidi kimo na zilinilowesha mpaka kifuani. Nyani walitubwekea kutoka kwenye miamba, Baba akawajibu kwa Kirundi, wakanyamaza. Mahali penye mawe katambuga zangu za tairi ziliteleza, kidole kikachubuka. Niliitazama damu ikitoka nikaona kama ni ya mtu mwingine. Baba alinifunga kwa kipande cha leso yake, tukaendelea. Alipumzika mara nyingi kuliko nilivyohitaji mimi.

Juu hewa ilikuwa imeoshwa na mvua. Miti ya miyombo ilitandaa pande zote mpaka ikageuka rangi ya bluu, na reli ilipita katikati yake ikielekea mjini. Nilijua kwamba ni pazuri, kama mtu mwenye mafua anavyojua kwamba mchuzi umeungwa. Baba aliniketisha juu ya jiwe.

“Unaiona?”

“Iko wapi?”

“Kule, mwisho kabisa.”

Nilitazama. Ilikuwa miti. Nikageuka kumuuliza vizuri, ndipo nilipoona moshi mzito ukipanda kutoka nyumbani kwetu.

“Masenge anapika nini, moshi wote ule?”

“Maharage,” alisema Baba. “Kuni zitakuwa mbichi.”

Akanishika kichwa kwa mikono miwili, taratibu, akakirudisha kaskazini. “Tazama kule, mama. Usichoke.” Sauti yake ilikwaruza. Nikadhani ni kiu, nikampa kidumu.

Tuliporudi jua lilikuwa limeshuka. Masenge aliuliza kama tumeiona, nikasema tumeiona. Maharage yalikuwepo kweli. Kitandani kulikuwa na godoro jipya, limevimba, halina shimo, linanuka gunia. Nilipanda nikalala juu yake, sikuuliza kitu.

Masenge aliniambia nikiwa mtu mzima, tukimenya mihogo. Muuguzi wa zahanati alikuwa amesema godoro lile lisilaliwe tena, lichomwe, na mimi nilikuwa nimeshaanza kukohoa. Hawakujua watanitoaje. “Baba yako akasema, mimi nitampandisha mlimani, nyie chomeni.”

Mwaka jana nilipanda na wanangu. Kaskazini ni miti tu, na zaidi ya miti ni mawingu. Burundi haionekani pale na haijawahi kuonekana. Kinachoonekana ni kijiji. Ua wetu wa zamani upo wote wazi, mlango, kamba ya nguo, hata kuku unawaona. Aliyekaa pale siku ile aliona godoro likitolewa mlangoni. Aliliona likilazwa chini, likiwashwa, na lile shimo likiisha. Niliwaacha watoto wakirushiana vijiti, nikalia kwa mara ya kwanza, kwa ajili ya Baba zaidi kuliko kwa ajili ya Mama.

Maana nakumbuka vizuri jinsi tulivyoketi. Baba alikuwa ameipa Burundi kisogo, magoti yameelekea nyumbani. Nami pembeni yake natafuna kiazi, natazama kule nilikoambiwa.