Kipimo cha Kiazi

Kwa miaka ishirini na sita Mama Danbi alikuwa amepima viuno vya watu wa mji wa Yeongju, Korea, na ilikuwa nadra suruali kurudishwa kibandani kwake kwa sababu imebana. Shule aliiacha akiwa na miaka kumi na tano, akaenda kushona kwenye kiwanda cha nguo jijini Daegu. Aliyoyajua mengi aliyajulia kwenye utepe wa kupimia. Ndiyo maana aliona aibu siku daktari wa wanyama alipoinua mguu wa nyuma wa Kiazi na kusema kucha imeng'oka pamoja na ncha ya kidole.

Kiazi alikuwa kalunguyeye, yule mnyama wa miiba, aliyefugwa na bintiye, Danbi. Mnyama mkubwa kuliko wenzake, gramu mia saba, kutwa amelala, jioni akiamka anataka kukimbia. Gurudumu lake la zamani la kukimbilia kizimbani lilipovunjika, Mama Danbi alijitolea kununua jingine. Akampima, akachukua dogo, la vyuma vyembamba vilivyopangwa kama ngazi, kwa kuwa halikuwa na kelele na jirani wa chini alikuwa mkali. Mguu ukapenya katikati ya vyuma.

Tangu siku hiyo Danbi hakutaka kuona gurudumu lolote. "Usimnunulie tena kitu, mama," alisema, akafunga mlango wa chumba chake.

Mlango huo ulikuwa umefungwa tangu mwaka juzi, Danbi alipofeli mtihani wa kazi za serikali kwa mara ya nne. Alitoka kwenda msalani na kuchukua sinia lake la chakula, basi. Mama yake alijifunza kumsoma kwa mabaki: wali ukirudi nusu, moyo wake mzito, bakuli la supu likirudi tupu, siku imekuwa nafuu. Kitu pekee walichokizungumzia kilikuwa Kiazi. Amekula? Amepata choo? Sasa hata hayo yalikatika, na Kiazi alizidi kunenepa na kutafuna vyuma vya kizimba. Daktari alikuwa ameonya: asipokimbia, ini lake litajaa mafuta. Mama Danbi aliwaza, huyu akifa, mwanangu atabaki na nani mle ndani?

Akaenda dukani kwa Bwana Pyo, anayeuza vitu vya wanyama nyuma ya soko.

"Ana urefu gani?" Bwana Pyo aliuliza.

"Sentimita kumi na tano. Nimempima mwenyewe."

"Gramu mia saba, sentimita kumi na tano? Huyo kalunguyeye au chungwa?" Akamtazama. "Ulimpima amejikunja?"

"Akinisikia tu anajikunja."

"Mama Danbi! Wateja wako unawapima wakiwa wamechuchumaa?"

Hakucheka. Bwana Pyo naye akaacha kucheka. Akashusha gurudumu moja la plastiki, akapitisha kiganja ndani yake. "Sakafu iwe nzima, isiwe na tundu wala vyuma. Kusiwe na ufito unaokatiza mbele. Kitako kiwe kizito, lisipinduke. Na liwe pana, akikimbia mgongo unyooke. Mgongo ukipinda, utamuumiza polepole bila kujua. Kampime akiwa amenyooka, ndipo urudi."

"Kwangu hanyooki."

"Basi ashikwe na mtu anayemnyookea."

Jioni alisimama mbele ya ule mlango, utepe shingoni. Mkono uliinuka kubisha mara mbili, ukashuka.

"Danbi, mwanangu. Lile gurudumu nililikosea. Nilimpima akiwa mpira. Sitanunua kitu. Nataka tu urefu wake wa kweli. Peke yangu siwezi."

Alikuwa amekwisha geuka kuondoka mlango ulipofunguka. Danbi alitoka na Kiazi mkononi, nywele zimemfunika macho, akaketi kwenye meza ya kushonea pale sebuleni. Aliguna kwa sauti ya chini hadi miiba ikalala, pua ikachomoza, na yule mnyama akatambaa juu ya meza kwa urefu wake wote. Mama Danbi alinyoosha utepe kando yake bila kumgusa.

"Ishirini na mbili."

"Pua umeiacha, mama."

"Ishirini na nne, basi."

"Andika."

Kesho yake alirudi na gurudumu la sentimita thelathini na tatu. Dukani alikuwa amepitisha vidole kwenye kila mshono, kama atafutaye pini iliyosahaulika kwenye nguo ya mtoto. Lakini walipolipeleka kizimbani, chumbani kwa Danbi, halikuingia. Mnyama alimpima, kizimba hakukipima.

"Fundi mzima," Danbi alisema.

"Nitalirudisha. Nitaomba dogo kidogo..."

"Dogo litampinda mgongo." Danbi aligeuza gurudumu, akalichunguza kwa muda mrefu, akabonyeza sakafu yake kwa kidole gumba. Kisha akatazama nje ya chumba. "Tutamzungushia uzio sebuleni. Humu hakuna nafasi. Sogeza cherehani. Shika huku. Usivute, inua!"

Wakainua pamoja.

Giza lilipoanza kuingia Kiazi alinusa gurudumu, akapanda, akashuka, akapanda tena. Lilianza kuzunguka taratibu, kisha kwa kasi, mgongo wake umenyooka. Danbi alilala kifudifudi sakafuni akiuangalia ule mguu. Mama yake alitaka kuuliza kama atakula hapo au chumbani. Akalimeza swali, akapakua mabakuli mawili, moja akaliweka sakafuni karibu na kiwiko cha binti yake.

Danbi akalivuta kwake bila kuondoa macho kwenye gurudumu.